Dereva wa usiku, mnyama wa porini na barabara isiyo na kivuko

KILA Ijumaa jioni katika kituo cha Kawangware 56, jijini Nairobi, matatu kadhaa huondolewa kwenye ruti zake za kawaida na kukodishwa kwa safari za magharibi mwa nchi. Nyingi hubeba waombolezaji wanaosindikiza jeneza kwenda Kakamega, Vihiga, Bungoma au Busia. Safari huanza giza linapoingia ili wasafiri wafike nyumbani alfajiri. Dereva aliyeshinda wiki nzima akipambana na msongamano wa Ngong Road hujikuta saa tano za usiku akiwa nje ya mji wa Naivasha, lami tupu mbele yake na abiria 14 waliosinzia nyuma yake.

Hapo ndipo punda milia huvuka.

Ajali za aina hii hazipewi uzito nchini. Basi likigongana na trela, mawaziri hutuma risala za rambirambi na polisi huanzisha msako. Matatu ikigonga nyati na kubingirika, habari huishia kwenye aya mbili, na lawama hugawanywa haraka baina ya dereva aliyekuwa akiendesha kwa kasi na mnyama asiyejua sheria za barabarani. Asiyetajwa ni yule aliyeichora barabara hiyo ikapita katikati ya malisho bila kuacha mahali pa mnyama kupita.

Nasema hivyo kwa sababu Kenya haiwezi kudai kwamba haijui namna ya kujenga kivuko cha wanyama. Imekwisha kujenga vivuko hivyo, tena kadhaa, lakini karibu vyote vilijengwa kwa ajili ya garimoshi. Gari la abiria limeachwa ardhini pamoja na wanyama.

Tuanze na hesabu, kwani madereva wengi hujifunza hesabu hii wakiwa wamechelewa. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husonga karibu mita 28 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji takriban sekunde moja na nusu kutambua kitu kilicho mbele yake na kukanyaga breki. Katika muda huo gari limeshakwenda mita 42. Breki nazo, kwenye lami kavu na magurudumu mazuri, huhitaji mita nyingine 55 hivi kabla ya gari kusimama. Jumla ni karibu mita 100. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa jumla hiyo ni kama mita 70, na kwa kilomita 50 ni mita 35.

Sasa zipimwe taa. Taa za chini, ambazo dereva hulazimika kuzitumia kila anapopishana na gari jingine, humulika vyema mita 40 hadi 60 tu. Kwa maneno mengine, hata dereva mtiifu asiyezidisha kilomita 80, mwendo uliowekewa magari ya abiria na ambao vidhibiti mwendo vya Waziri John Michuki vilikusudiwa kuulinda tangu mwaka 2004, huwa anakimbia kupita mwanga wake mwenyewe. Anapomwona mnyama, nafasi ya kusimama imekwisha. Sheria ya mwendo iliwekwa kwa kuwazia magari mengine na watembea kwa miguu wa mchana. Haikumfikiria nyati mweusi aliyesimama katikati ya barabara nyeusi usiku.

Wala wanyama wote hawaonekani kwa namna moja. Macho ya swara na punda milia hurudisha mwanga wa taa na humpa dereva dokezo la vitone viwili gizani. Ndovu na twiga ni habari nyingine. Macho yao yako juu kuliko mwanga wa taa za gari dogo, na kinachomulikwa ni miguu, ambayo kwa ndovu ina rangi isiyotofautiana sana na lami. Twiga dume anaweza kuwa na uzani wa zaidi ya kilo 1,000, na sehemu kubwa ya uzani huo iko juu ya boneti. Gari likimpiga miguu, mwili huangukia kioo cha mbele na paa, mahali ambapo dereva na abiria wa kiti cha mbele wameketi. Nyati dume hupita kilo 700. Hakuna boneti ya matatu ya abiria 14 iliyoundwa kwa mgongano wa namna hiyo.

Kuna pia tabia. Punda milia hawavuki mmoja mmoja. Akipita wa kwanza, wa pili na wa tatu wako nyuma yake, na dereva anayeongeza mafuta baada ya kumkwepa kiongozi wa kundi huwagonga wanaofuata. Taa kali humduwaza swara, akasimama papo hapo badala ya kukimbia. Honi humfukuza mnyama upande wowote, pengine kuelekea gari lenyewe. Madereva wazoefu wa njia ya Naivasha na Gilgil wanayafahamu haya: hupunguza mwendo, huzishusha taa, hungoja kundi lote liishe. Wenzao wanaotoka upande wa pili huwaonya kwa kumulika taa mara mbili. Ishara hiyo nchini Kenya humaanisha kwanza kwamba askari wa trafiki wako mbele, na huenda ndiyo sababu hutiiwa upesi.

Swali la kwa nini wanyama waifuate barabara lina majibu ya kawaida kabisa. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye lami hunywesha nyasi za kandokando, hivyo wakati wa ukame nyasi za kijani za mwisho huwa pale pale kwenye ukingo wa barabara. Malori humwaga mahindi na ngano. Abiria hutupa maganda ya ndizi na mabaki ya mkate dirishani, na nyani wa Gilgil na Tsavo wamezoea kuyangoja. Mnyama mmoja akigongwa, mzoga wake huwaita fisi, na fisi naye hugongwa akila. Ukame wa mwaka 2022 ulionyesha jinsi shinikizo linavyoweza kuwa kubwa: kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, kwa takwimu za Wizara ya Utalii, ndovu 205 na nyumbu 512 walikufa nchini kwa kukosa maji na malisho. Mnyama aliye katika hali hiyo haogopi taa za gari.

Msomaji wa Kawangware au Kibera asidhani kwamba haya ni mambo ya mashambani tu. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita mraba 117, imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, ambako wanyama walizoea kutoka kwenda nyanda za Athi na Kapiti na kurudi. Nyanda hizo zimejengwa. Kitengela, ambayo zamani ilikuwa njia ya nyumbu, sasa ni mji. Kaskazini mwa mbuga, Southern Bypass imetoka Mombasa Road, ikapita kando ya mbuga, ikaambaa Lang'ata na Kibera, ikakata msitu wa Ngong Road na kutokea upande wa Kikuyu. Dereva anayetaka kukwepa msongamano wa Waiyaki Way huitumia barabara hiyo, na fisi hugongwa humo usiku. Mpaka baina ya barabara ya mjini na barabara ya porini umefutika bila mtu yeyote kutangaza.

Mwaka 2016 uliliweka jambo hili wazi. Februari 19 mwaka huo, simba walitoka mbugani na kuonekana maeneo ya Lang'ata, hofu ikatanda hadi Kibera, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likawatuma askari na madaktari wake wa mifugo kuwasaka. Mwezi uliofuata, Machi 18, simba dume alijikuta kwenye Mombasa Road wakati watu wakienda kazini. Alimjeruhi mzee mmoja wa miaka 63 kabla ya kudungwa dawa ya usingizi na kurudishwa mbugani. Maelezo ya KWS wakati huo yanastahili kukumbukwa na kila mwenye usukani: simba yule alichokozwa na honi za magari na watu waliokuwa wakimpiga picha. Haukupita muda, Machi 30, simba mwingine, Mohawk, aliyekuwa maarufu kwa wageni wa mbuga hiyo, alipigwa risasi Isinya, Kaunti ya Kajiado, baada ya kuzingirwa na umati na kumjeruhi mtu.

Kisa cha Mombasa Road hakikuwa ajali ya gari, lakini kinaonyesha kwamba madereva wa nchi hii, hata wale wanaoishi kilomita chache kutoka kwa simba, hawajawahi kufundishwa la kufanya. Mitihani ya leseni huuliza kuhusu mzunguko na alama za barabarani. Kibao cha pembetatu chenye picha ya mnyama kimo katika orodha ya alama hizo, na mtahiniwa hukitaja jina na kusonga mbele. Hakuna anayemwambia kwamba afunge madirisha, azime muziki, asipige honi, asishuke garini na wala asijipenyeze baina ya mama na mwanawe. Mnamo Februari 2024 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Multimedia waliingia kwenye Magadi Road kuandamana dhidi ya mashambulizi ya fisi jirani na chuo chao. Barabara hiyo hiyo hutumiwa kila siku na maelfu ya watu wa Rongai wanaorejea nyumbani usiku.

Linganisha sasa na garimoshi. Reli ya kisasa ilipofikishwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, baada ya kelele nyingi za wahifadhi, ilijengewa daraja la kilomita sita hivi juu ya nguzo ili wanyama wapite chini yake, na sehemu hiyo ya reli ikazinduliwa mwaka 2019. Huko Tsavo, reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyozinduliwa Mei 31, 2017 ilinyanyuliwa juu ya tuta refu, na katika tuta hilo pakaachwa vivuko vikubwa sita vilivyokusudiwa wanyamapori, mbali na madaraja na makalvati ya maji ambayo nayo hutumiwa na wanyama. Watafiti wa shirika la Save the Elephants waliwafunga ndovu kola za kufuatilia mienendo yao na wakathibitisha kwamba baadhi yao walijifunza kuvitumia vivuko hivyo.

Hadi hapo, sifa njema. Lakini ndovu anayetoka chini ya reli akielekea upande wa pili wa Tsavo hukutana na barabara kuu ya Mombasa, inayokwenda sambamba na reli hiyo na kuzitenga Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, mbuga ambazo kwa pamoja zina zaidi ya kilomita mraba 20,000. Barabara hiyo haikujengewa vivuko kama vya reli. Mnyama amesaidiwa kuvuka njia ya garimoshi linalopita mara chache kwa siku, akaachwa kwenye njia ya malori yanayopita usiku kucha kutoka bandarini kwenda Nairobi, Kampala na Kigali. Sijaona mfano ulio bora wa kazi iliyofanywa nusu.

Dereva wa lori anayepita kati ya Mtito Andei na Voi saa tisa za usiku anajua kwamba ndovu wa huko, kwa sababu ya udongo wa Tsavo wanaojimwagia, ni wekundu na hawaonekani hadi awe amewakaribia. Anajua pia kwamba mwenye mzigo anahesabu saa. Ndovu mkubwa ana tani tano au sita. Katika mgongano huo lori huharibika, ndovu hufa au hutoroka akiwa na majeraha, na ndovu aliyejeruhiwa huwa hatari kwa wanavijiji watakaokutana naye kesho yake wakichota maji.

Mfano unaokaribia kutosheleza uko Mlima Kenya. Mwishoni mwa mwaka 2010 ulikamilishwa upenyo chini ya barabara ya Nanyuki hadi Meru, katika ushoroba wa takriban kilomita 14 unaounganisha msitu wa mlima huo na Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Wahandisi walidhani ndovu wangechukua miezi au hata miaka kuuzoea. Januari 2011, siku chache tu baada ya kufunguliwa, ndovu dume aliyepewa jina Tony alipita, na wenzake wakafuata. Mwaka 2013 Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa (UNESCO) liliongeza Lewa na Ngare Ndare katika eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya, na ushoroba huo ulikuwa sehemu ya sababu. Magari hupita juu, ndovu hupita chini, na wengi wa abiria hawatambui kwamba kuna kitu cha ajabu chini ya magurudumu yao.

Siri ya upenyo ule haikuwa zege. Ushoroba wote ulijengewa ua kandokando, ukamwongoza mnyama hadi penye mlango. Kivuko kisicho na ua ni sawa na daraja la watembea kwa miguu lililojengwa mbali na kituo cha matatu: kila mtu atavuka barabarani. Wakanada waligundua hivyo katika hifadhi ya Banff, ambako tangu miaka ya 1980 barabara kuu imezungushiwa ua na kujengewa vivuko vya juu na vya chini, na ajali za wanyama zikapungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Jirani zetu Watanzania walichagua njia ya bei nafuu zaidi. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Humo kuna matuta, vibao vya mwendo na onyo kwamba anayemgonga mnyama atatozwa kwa kadiri ya aina ya mnyama huyo. Wanyama bado hugongwa Mikumi. Hata hivyo, dereva anayeingia eneo hilo anajua kwamba ameingia mahali penye kanuni tofauti, jambo ambalo anayetoka Naivasha kuelekea Gilgil haambiwi na mtu. Kwa upande mwingine, faini peke yake ina ubaya wake: humfundisha dereva kutoroka badala ya kupiga simu. Mnyama aliyevunjika miguu huachwa kando ya barabara hadi asubuhi, au hadi wenye visu wafike.

Wenye visu hao hawapaswi kupuuzwa. Nyama ya mnyamapori aliyegongwa ni haramu kuuzwa au kumilikiwa nchini Kenya, lakini kilo mia kadhaa za nyama ya nyati au punda milia hazikai barabarani muda mrefu. Uchunguzi wa shirika la Born Free mwaka 2004 ulibaini nyama ya porini katika mabucha ya Nairobi, ikiuzwa kama nyama ya kawaida. Si yote iliyotokana na ajali, maana wawindaji haramu ndio wenye biashara hiyo. Lakini mnunuzi wa mtaani hana njia ya kujua kilichomuua mnyama aliye kwenye mizani, wala kama daktari wa mifugo aliikagua nyama hiyo.

Tuje kwenye fidia, ambapo dereva na abiria hugundua jinsi walivyo wapweke. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliongeza malipo kwa kiasi kikubwa. Familia ya aliyeuawa na mnyamapori, iliyokuwa ikipewa Sh200,000, iliwekewa Sh5 milioni. Ulemavu wa kudumu uliwekewa Sh3 milioni na majeraha mengine hadi Sh2 milioni. Maombi hupelekwa kwa kamati ya kaunti, na asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Wakulima wa Taita Taveta na Laikipia watakueleza kuhusu miaka waliyongoja malipo.

Lakini isome jedwali ya tatu ya sheria hiyo kama ilivyopitishwa na Bunge. Kwa kifo na majeraha imewataja ndovu, simba, chui, kifaru, fisi, mamba, duma, nyati, kiboko na wengineo. Punda milia hayumo katika orodha hiyo. Ametajwa kwenye orodha ya wanaoharibu mimea na mali. Twiga hayumo kabisa. Waliotunga sheria walimfikiria mnyama anayeshambulia kwa meno, pembe au sumu. Hawakumfikiria mnyama mpole anayeua kwa kusimama tu mahali pasipofaa. Wanyama wawili ambao dereva wa kutoka Kawangware ana uwezekano mkubwa wa kukutana nao baina ya Longonot na Elmenteita ndio hao hao ambao sheria haikuwawekea malipo ya kifo.

Huenda mtu akasema kwamba bima itamlipa abiria. Bima ya lazima humkinga mwenye gari dhidi ya madai ya watu wengine, na madai hayo husimama pale dereva anapopatikana na kosa. Hapa ndipo penye kitendawili. Ikiwa dereva alikuwa makini, mwendo wake halali, na punda milia akachomoza ghafla kichakani, basi hana hatia, na abiria aliyevunjika mgongo hana wa kumdai. Ili abiria alipwe, sharti dereva awe mkosaji. Haishangazi kwamba taarifa nyingi za polisi kuhusu ajali kama hizi huishia kwa maneno yale yale kuhusu kasi. Matatu yenyewe, ikiwa ina bima hiyo ya chini tu, hutengenezwa kwa fedha za mwenyewe, na dereva hukaa bila kazi hadi itoke gereji.

Ng'ombe akisababisha ajali, mwenyewe hushtakiwa. Punda milia ni mali ya taifa zima, wageni hulipa kwa dola ili kumwona, na mapato hayo huhesabiwa katika bajeti ya serikali kila mwaka. Anapovuka lami ghafla huwa hana mwenyewe.

Haya yangebaki malalamiko ya kawaida kama si kazi inayoendelea sasa. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175 zinazopitia Naivasha, Gilgil na Nakuru, ambayo watumiaji wake watatozwa ada. Kwa wenye matatu za kukodi za Kawangware ni habari njema: barabara hiyo imeua watu wengi kwa kugongana ana kwa ana wakijaribu kupita malori, na njia mbili kila upande zitapunguza vifo hivyo. Hilo halina ubishi.

Ila barabara pana humbadilishia mnyama hesabu. Punda milia aliyekuwa akivuka mita saba za lami atavuka mita 20 au zaidi, na katikati huenda akakuta ukuta wa zege wa kutenganisha njia. Mtu hulipanda ukuta huo. Punda milia hugeuka na kukimbia ndani ya barabara, sambamba na magari yanayokwenda kilomita 110 kwa saa. Njia ikinyooka, madereva huongeza mwendo, na mita za kusimama huongezeka pia.

Tiba yake inafahamika. Kati ya Naivasha na Elmenteita wanyama hawavuki kila mahali. Huvuka penye maji, penye nafasi baina ya ua za mashamba makubwa, penye mabonde, na walinzi wa hifadhi za kibinafsi wa eneo hilo wanapafahamu kwa majina. Kalvati ambalo lazima lijengwe kwa ajili ya maji linaweza kupanuliwa na kuinuliwa likawa kivuko, mradi uamuzi ufanywe kabla ya zege kumwagwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka mradi wa aina hiyo ufanyiwe tathmini na maoni ya wananchi yapokewe. Vyama vya wenye matatu, ambavyo hujitokeza kwa nguvu kila bei ya mafuta inapopanda, vina haki ya kuuliza kama ada watakayolipa kila kilomita inajumuisha ua na kivuko, au kama wanalipia lami peke yake. Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa (KeNHA) inaweza kuchapisha ramani ya vivuko hivyo, kama ipo.

Kwa sasa dereva hana ramani. Ana vibao vichache vyenye picha ya mnyama, vingine vikiwa vimeng'olewa na wauza vyuma chakavu, na ana kumbukumbu za wenzake zinazopokezwa kituoni kwa maneno: punguza ukipita Marula, angalia mkono wa kushoto ukikaribia Kikopey, ukimwona mmoja ngoja wengine. Dereva mgeni aliyekodishwa kwa mara ya kwanza kupeleka msiba Busia hana hata hayo. Na mkandarasi akishamaliza makalvati kati ya Naivasha na Gilgil, kuyapanua tena kutahitaji kuibomoa barabara.